Shangazi, naambiwa nilipie dola 1,800 nipate cheti cha tenda za jimbo. Nilipe?

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mama wa watoto watatu, nimezaliwa Tanga na nipo Sacramento, jimbo la California, huu mwaka wa kumi na moja. Nilianza kama wengi wetu tulivyoanza, boksi usiku, alafu kutandika vitanda hotelini, na miaka minne iliyopita nikafungua kampuni yangu ya usafi, LLC (aina ya kampuni iliyosajiliwa), jina langu mwenyewe. Sa hivi nina wafanyakazi watano, wawili ni dada zetu wa Uvira wanaojua kazi kuliko hata mimi. Tunasafisha kliniki tatu za meno, kanisa moja na ofisi mbili za wanasheria. Hatulali njaa ila hatusogei, maana kila mteja akikuta mtu wa bei ya chini kidogo anaondoka, mwezi wa pili nimepoteza ofisi nzuri kwa tofauti ya dola 90 tu kwa mwezi, Shangazi, dola 90.

Nikitoka kazini usiku wa manane napita downtown, naona yale majengo ya serikali ya jimbo yamewaka taa ghorofa zote, najiuliza nani anasafisha mule ndani na mi nafanyaje nipate hata ghorofa moja.

Sasa kuna kaka mmoja tunamheshimu sana kwenye jumuiya yetu, kaniambia yeye anatengeneza "cheti cha mwanamke mweusi" cha serikali, dola 1,800, nusu kwanza, na kwamba nikishakuwa nacho jimbo linalazimika kunipa tenda kwa sababu kuna fungu limetengwa la watu kama sisi. Mume wangu kakubali haraka, anataka tuchukue kwenye hela tuliyoweka ya kupaua nyumba yetu kule Tanga. Mi moyo unasita, sijui kwanini.

Alafu kuna jingine. Meneja wa kampuni moja kubwa ya usafi niliyowahi kuifanyia kazi kama sabkontrakta (unapewa sehemu ya kazi yao) kanipigia wiki iliyopita, anasema we pata tu hicho cheti, sisi tutaomba tenda kwa jina lako, watu watakuwa wetu, vifaa vyetu, we hata hapo kwenye jengo usifike, kila mwezi unapata asilimia 6. Mume wangu anaona ni riziki imekuja yenyewe. Mi najiuliza mbona rahisi hivyo.

Nilijaribu mwenyewe kufungua ile tovuti ya jimbo, nikafika kwenye sehemu wanauliza kodi za biashara yako, namba namba ndefu, nikafunga laptopu nikaenda kulala. Na pia nina grini kadi tu, bado sijawa raia, je naruhusiwa kweli? Na nasikia serikali inachelewa kulipa, mimi watu wangu nawalipa kila wiki mbili.

Nisaidie Shangazi, kwa lugha ya kawaida, maana kila ninayemuuliza ananijibu kwa vifupisho.

Binti wa Tanga, Sacramento

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakujibu kwa urefu maana wapo wengi wanaoulizwa hiyo hiyo 1,800 na hawaulizi mtu.

Kwanza kabisa usitoe hiyo hela. Hata dola moja. Cheti cha biashara ndogo cha jimbo la California kinatolewa na idara inaitwa DGS, ile inayosimamia manunuzi ya jimbo, unaomba kwenye tovuti yao ya Cal eProcure, na ni BURE, kuomba bure na kukihuisha kikiisha bure. Sisemi huyo kaka ni mwizi, inawezekana anachouza ni kukaa na wewe kujaza fomu na muda wake una thamani, ila anachokuahidi sio kweli, na anayekuahidi tenda hajui tenda zinavyotoka au anajua na hakwambii. Hela ya kupaua nyumba ipaue nyumba. Na kama unataka mtu wa kukaa na wewe mbele ya kompyuta, kuna ofisi zinaitwa APEX Accelerator (zamani ziliitwa PTAC), kazi yao ni hiyo hiyo kusaidia wafanyabiashara wadogo kuuza serikalini, na hawatozi. SBDC, vile vituo vya kusaidia biashara ndogo, nao ni hivyo hivyo. Unapiga simu unapewa miadi, unaenda na karatasi zako.

Sasa hicho "cheti cha mwanamke mweusi". Hapa nataka unisikilize vizuri maana ndo panapowachanganya watu. Mwaka 1996 wapigakura wa California walipitisha kitu kinaitwa Proposition 209, ambacho kinakataza serikali ya jimbo kutoa upendeleo kwa rangi au jinsia kwenye mikataba yake. Mwaka 2020 walijaribu kukiondoa kwa kura ya Proposition 16, ikashindwa, na mi siku ile niliumia sana sitaficha, nilikuwa naamini itapita. Kwahiyo hapa kwetu hakuna fungu la jimbo la mwanamke mweusi. Majimbo mengine wanavyo vyeti vya aina hiyo, ukiwa na shemeji Maryland akakwambia yeye anacho hajakudanganya, ila cha Maryland ni cha Maryland. Na vile vya serikali kuu ya Washington, 8(a) cha wafanyabiashara waliobaguliwa au kukosa fursa na cha wanawake WOSB, hivyo ni vya tenda za serikali kuu sio za jimbo, na vyote viwili vinataka mwenye biashara awe raia, kwahiyo wewe na grini kadi yako bado.

Cha jimbo letu kinaangalia udogo wa biashara. Ndo maana kinaitwa SB, biashara ndogo, na ukiwa mdogo zaidi wanakupa hadhi ya biashara ndogo sana kwenye ombi hilo hilo, wewe utaangukia humo. Wanataka ofisi yako kuu iwe California, wenye kampuni wawe na makazi yao ya kudumu California, kampuni ijitegemee isiwe mkono wa kampuni nyingine, isiwe ndo inayotawala soko, na wafanyakazi wasizidi 100 ukijumlisha na kampuni zote mnazohusiana. Kuna na kikomo cha mauzo, wastani wa miaka mitatu, lakini ni mamilioni ya dola, wewe wala usipoteze usingizi hapo. Umeona nimetaja uraia? Sijautaja. Wanachoangalia ni makazi. Kwahiyo jibu la swali lako la grini kadi ni ndio, omba.

(Kama mume wako au ndugu yeyote aliwahi kuwa jeshini hapa na akaumia, kuna cheti kingine, DVBE, cha maveterani wenye ulemavu, jimbo lina lengo la asilimia 3 ya mikataba yake iende kwao. Ila lazima yeye ndo awe mwenye kampuni na anayeiendesha, sio jina tu kwenye karatasi.)

Sasa cheti kinakupa nini, maana hiki ndo watu hawaelezwi. Hakikupi tenda mwanangu. Kinakupa vitu viwili vitatu na vyote vina maana kama unavijua kuvitumia.

Cha kwanza ni upendeleo wa asilimia 5 kwenye bei. Ngoja nikupigie hesabu. Tuseme kampuni kubwa isiyo na cheti imeweka bei ya dola 100,000 na ndo ya chini kuliko wote, wewe umeweka 104,000. Asilimia 5 ya ile bei ya chini ni 5,000, wanakupunguzia hiyo kwenye kulinganisha tu, unasomeka 99,000, umeshinda, na unalipwa 104,000 yako yote. Ungeweka 106,000 ungesomeka 101,000, umekosa. Huo upendeleo una kikomo cha dola 50,000 kwa zabuni moja, na dhidi ya mwenzako mwenye cheti kama chako haukusaidii kitu, hapo ni bei kwa bei. Zile dola 90 zilizokuondoa kwenye ile ofisi, huku kwenye jimbo huenda zisingekuondoa.

Cha pili, na mi ndo kilichonilea, ni manunuzi ya chini ya dola 250,000. Nikwambie kinavyofanya kazi. Ofisi ya jimbo ikitaka kununua kitu au huduma ya zaidi ya dola 5,000 na chini ya 250,000, sheria inamruhusu afisa manunuzi asitangaze zabuni kubwa, achukue tu kotesheni mbili kutoka kwa biashara mbili zenye cheti cha SB au mbili za DVBE, amchague mmoja. Mbili tu! Ofisa anaingia kwenye mfumo, anatafuta kwa neno au kwa namba ya huduma, anapata orodha, anapiga simu au anatuma imeli. Mi nina kabiashara ka kuchapa sare na vile vikoti vya rifleksa vya kuvaa barabarani, oda yangu ya kwanza ya jimbo ilikuja hivyo, mama mmoja alinipigia saa nne asubuhi akaniuliza unaweza kuniletea bei leo, nikamletea saa nane, wiki iliyofuata nikapata karatasi ya oda. Sikushindana na watu thelathini, nilishindana na mmoja.

Ndo maana zile namba ndefu zilizokufukuza ukaenda kulala ni muhimu kuliko kitu chochote kwenye ile tovuti. Zinaitwa UNSPSC, kila moja ina tarakimu nane na inasema unauza nini, na ofisa anakutafuta kwa hizo. Ya usafi wa majengo na ofisi kwa ujumla ni 76111500, na chini yake kuna 76111501 usafi wa majengo, na nyingine za madirisha, za mazulia na viti. Weka zote unazozifanya kweli. Usiweke usizozifanya, nimeona watu wanajaza namba mia wanaonekana wanauza kila kitu kuanzia deki mpaka helikopta, ofisa anapita. Na pale kwenye maneno ya kutafutia andika kama mtu anavyotafuta, mazulia, madirisha, usafi wa kliniki, usafi wa baada ya ujenzi, kwa Kiingereza chao bila shaka.

Karatasi watakazokuuliza ni fomu zako za kodi ya serikali kuu za miaka mitatu, kamili pamoja na viambatisho vyote. Na kabla hujaomba hakikisha LLC yako imekaa vizuri na jimbo. Ile taarifa ya Secretary of State (ofisi inayosajili makampuni) ya dola 20 kila baada ya miaka miwili umepeleka? Ile dola 800 ya kila mwaka ya Franchise Tax Board (idara ya kodi ya jimbo) umelipa? Wengi wetu tunasahau hiyo 800 tukidhani mwaka ambao hatukupata faida hatudaiwi, tunadaiwa, alafu kampuni inasimamishwa bila wewe kujua na siku ya tenda unaambiwa kampuni yako haina haki ya kufanya biashara.

Na kwenye kazi yako ya usafi kuna jambo jingine hujalitaja kwenye barua na naomba Mungu uwe umeshalifanya. Tangu Julai 2018 kila mwajiri wa usafi wa majengo California lazima ajisajili na ofisi ya Labor Commissioner, ile inayolinda haki za wafanyakazi, dola 500 kwa mwaka, na kila baada ya miaka miwili wafanyakazi wapate mafunzo ya kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Sheria hii waliipigania akina mama wanaosafisha usiku, wahamiaji kama sisi, waliokuwa wanaingiliwa na masupavaiza wakiwa peke yao kwenye majengo, wakagoma mpaka kula wakiwa hapo Sacramento, ndo maana mi siioni kama usumbufu. Hao dada zako wa Uvira wanaingia kwenye majengo matupu saa tano usiku, wanastahili hayo mafunzo. Kama hujajisajili anza na hilo kabla ya cheti chochote, maana ofisa akikutafuta kwenye orodha ya Labor Commissioner asikuone simu haitapigwa tena.

Sasa yale majengo yenye taa. Nani anasafisha? Mengi yanasafishwa na waajiriwa wa serikali yenyewe, watu wenye ajira ya kudumu na chama chao cha wafanyakazi, na sheria ya California inabana sana idara kuchukua kazi ambayo waajiriwa wake wanaweza kufanya ikampa mtu wa nje, hasa kama sababu ni kupunguza gharama tu. Nakwambia hivi ili usikae miaka miwili unasubiri ghorofa ya downtown. Tenda za usafi zinazotoka nje mara nyingi ni za ofisi ndogo zilizo mbali, vituo vya wilayani ambako idara haina watu wake, na kazi maalum, kuosha mazulia, madirisha ya juu, usafi wa baada ya ukarabati. Wewe unasafisha kliniki tatu, unajua mambo ya damu na sindano na taka za hospitali, hiyo sio deki ya kawaida, hiyo iandike juu kabisa. Na baadhi ya miji, kaunti na vyuo vya CSU (vyuo vikuu vya jimbo) vinakitambua cheti hiki cha jimbo, kwahiyo ukikipata usiishie Cal eProcure, piga simu na huko uwaulize.

Tuje kwa huyu meneja na asilimia 6 zake. Hapa sitapunguza ukali mwanangu nisamehe.

Hiyo inaitwa kukodisha jina na ni kosa la jinai. Jimbo lina sharti kwamba mwenye cheti afanye kazi yenye maana ya kibiashara kwenye mkataba, yani wewe ndo ufanye, usimamie, upange bei, ununue vifaa na ulipe, sio uwe mfereji wa kupitishia hela. Kwenye zabuni nyingi kuna fomu inaitwa Bidder Declaration, tamko la mwombaji, namba yake GSPD-05-105, pale unaandika sabkontrakta wako ni nani na anafanya asilimia ngapi. Kwa mpango wa huyo bwana ungeandika nini pale? Ungeandika uongo na chini kuna saini yako, sio yake. Mtu anayepata au kutumia cheti kwa udanganyifu anafungiwa kufanya biashara na jimbo kwa miaka, anaweza kwenda jela ya kaunti, na faini ya madai kwa kosa la kwanza ni kuanzia dola 10,000 mpaka 30,000. Na wewe bado una grini kadi, kesi ya udanganyifu inaweza kukufuata mpaka kwenye maombi ya uraia. Yote hayo kwa asilimia 6, na bado hujaambiwa hao watu wake atawalipa shilingi ngapi. Akiwalipa chini ya kima cha chini, au asiwalipe ovataimu, mkataba una jina lako na wao watamdai mwenye mkataba. Mume wako mweleze hivi kwa upole, yeye ameona mwanya kwa familia yake, hana nia mbaya, hakuna aliyemwonyesha ile fomu.

Lakini ngoja, usikate simu na huyo meneja bado, kuna njia halali ya kitu kile kile. Kampuni kubwa isiyo na cheti nayo inaweza kupata ule upendeleo wa asilimia 5 kama itaahidi kuwapa wenye vyeti vya SB asilimia 25 ya bei ya mkataba. Kwahiyo ukishapata cheti mpigie umwambie, nipe robo ya kazi kweli, niandike kwenye fomu jina langu na majengo yangu, watu wangu, vifaa vyangu, mi nakutumia invoisi. Kama alikuwa anataka ushirikiano atafurahi. Akianza kubabaika umeshajua alichokuwa anakitaka.

Kuhusu kulipwa. Sheria inataka ofisi ya jimbo ilipe ndani ya siku 45 baada ya kupokea invoisi isiyo na makosa, ikichelewa kwa mwenye cheti cha SB inaongezeka adhabu ya riba wewe hata usiombe. Kwenye uzoefu wangu wanalipa, na hundi ya serikali haidundi. Ila hesabu yako sio 45 mwanangu. Ukifanya kazi mwezi mzima ndo utume invoisi, ni siku 30 na 45, jumla 75, na wewe unalipa kila wiki mbili, kwahiyo utakuwa umelipa mishahara mara tano kabla hujaona senti ya kwanza. Chukua mishahara ya wiki mbili ya watu utakaowaweka kwenye hiyo kazi, zidisha kwa tano, ongeza sabuni na mafuta ya gari, hiyo namba ndo hela unayotakiwa kuwa nayo benki au kwa mkopo ulioshapitishwa kabla hujaweka saini. Nimemwona mtu ameshinda tenda kwa furaha akaiachia mwezi wa pili kwa sababu hiyo, na ukiiacha katikati jina lako linabaki kwenye kumbukumbu zao. Uliza pia mapema kama unaweza kutuma invoisi kila wiki mbili, wengine wanakubali, hakuna anayekwambia mpaka uulize.

Na usishushe bei ili ushinde. Najua ukishazoea kupoteza kwa dola 90 mkono unashuka wenyewe. Kazi ya usafi gharama kubwa ni watu, ukishusha bei umeshusha watu. Piga hesabu ya saa ngapi jengo linachukua, mshahara wa saa, kodi za mwajiri, bima ya wafanyakazi kuumia kazini, bima ya uharibifu (wengi wanataka isipungue dola milioni moja kwa tukio), vifaa, alafu faida yako. Ikizidi ya soko hiyo sio kazi yako, iache ipite.

Jambo la mwisho la kukueleza ni langu mwenyewe. Zabuni yangu ya kwanza kubwa niliandaa wiki tatu, nilikuwa na bei nzuri, najua ilikuwa nzuri kwa sababu baadaye niliona bei ya aliyeshinda. Ilitupwa kwa ukurasa mmoja ambao sikuweka saini, ukurasa wa 14, ulikuwa umegandana na wa 13. Siku hiyo nililia kwenye gari hapo hapo parking. Tangu hapo sitoi zabuni bila mtu wa pili kukaa na orodha ya masharti na kalamu nyekundu, mi namsomea sharti yeye ananionyesha ukurasa. Kijana wangu wa miaka 16 ndo hufanya hiyo kazi sa hivi na haachi kitu. Wewe una watoto watatu, mmoja lazima ana jicho hilo.

Kwahiyo wiki hii usiombe cheti bado. Wiki hii angalia usajili wa Labor Commissioner na ile 800, tafuta kodi zako za miaka mitatu uziweke kwenye faili moja la PDF, na piga simu APEX uchukue miadi. Wiki ijayo kaa asubuhi ukiwa hujachoka, sio saa saba usiku ukitoka kazini, fungua Cal eProcure, utamaliza. Ukishapata cheti andika ukurasa mmoja tu wa kampuni yako, unafanya nini, namba ya cheti, zile UNSPSC, wateja wako na simu ya mtu mmoja anayeweza kukusifia, alafu uutume kwa wale maafisa wanaoitwa SB/DVBE advocate, watetezi wa biashara ndogo na za maveterani, kila idara kubwa ina wake na majina yao DGS wanayaweka wazi. Watumie kumi. Wawili watakujibu, hao wawili uwapigie simu ujitambulishe kwa sauti yako. Ukianza kutuma mwezi wa tatu au wa nne ni vizuri zaidi, mwaka wa fedha wa jimbo unaisha Juni 30 na mikataba mingi mipya inaanza Julai mosi, ndo kipindi wanatafuta watu.

Ukikwama kwenye kipengele chochote niandikie nitakujibu, ila usinitumie picha ya kodi zako wala namba zako za siri, niambie tu ukurasa unasema nini. Na nisalimie hao dada wa Uvira.

Shangazi